Mahali Alipo Donatus

Mwalimu Telesphori Mihayo alistaafu kufundisha jiografia akiwa na afya njema na nyumba yake mwenyewe pale Nyahanga, Kahama. Wenzake waliostaafu naye walifungua maduka, wengine wakafuga kuku wa nyama, mmoja akagombea udiwani akaangushwa vibaya. Yeye alinunua mbao nyembamba na jora zima la kitambaa cha marekani, akaanza kuchora nchi.

"Anachora nchi," ndivyo mkewe Generoza alivyowaambia majirani walipouliza, maana hakuwa na namna nyingine ya kulieleza jambo lile. Mwalimu alikuwa akikata kitambaa, anakiwamba kwenye fremu, anakipaka rangi nyeupe ya ukuta, kisha kikikauka anakifunga nyuma ya baiskeli na kupotea nacho hadi jioni. Alirudi na mawe makubwa ya njia ya Shinyanga, au majaruba ya mpunga yaliyojaa maji, au mabani ya tumbaku ya kule Ushetu yakifuka moshi wa kukaushia majani. Picha zile zilianza kuonekana hapa na pale mjini: ukumbi wa parokia, ofisi ya wakili mmoja, mahali pa kungojea daktari.

Watu hakuwachora. Waliomletea picha za harusi au za wazazi wao waliofariki aliwarudisha wote kwa upole ule ule. Alipoulizwa mbona kwenye mbuga zake hakuna hata mchunga ng'ombe, alisema watu hawatulii. Si kwamba alikuwa na kinyongo nao. Alikuwa amekaa nao darasani maisha yake yote ya kazi, akawapenda kiasi cha kutosha, na sasa aliona raha kutazama kitu kisichomtazama.

Kiangazi kimoja, mchana, mwanamke alipiga hodi uani kwake. Alikuwa amejitanda kitenge cheusi, uso umekauka kwa vumbi la safari.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Karibu, kaa."

"Mimi ni Evelina, Mama Noela. Natokea Ushetu. Nilimleta mtoto hospitali, nikaona picha yako ukutani. Ile ya mabani. Lile bani lenye ukuta ulioegemezwa gogo ni la mama mkwe wangu."

Mwalimu alilikumbuka gogo. Lilikuwa limempa kazi, kwa sababu kivuli chake kiliangukia mlango na kuuficha.

"Nikasema, mtu aliyeliona gogo letu ataweza," Evelina akaendelea.

"Ataweza nini?"

Evelina akaeleza bila kulia; ilionekana amekwisha kulisimulia jambo hilo mara nyingi, kwa watu wengi wenye ofisi na wasio na ofisi. Mumewe, Donatus, alikwenda kuchimba dhahabu kwenye rashi ya Nyakasaluma, machimbo mapya yaliyokimbiliwa na watu, mbele ya Ushirombo. Masika yaliyopita duara, lile shimo la kuchimbia alilokuwamo, lilititia. Wenzake waliokuwa karibu na mdomo walitolewa. Donatus alikuwa chini kabisa. Walichimba kumfuata mpaka kuta zikaanza kuwaangukia waokoaji wenyewe, magogo ya matimba yaliyoshikilia kuta yakivunjika kama njiti, ndipo ikaamuliwa shimo lifukiwe. Amebaki humo.

"Mama yake, Bibi Asteria, miguu haimwezi. Hajafika kule, na hatafika," alisema. "Matanga hajayaanua hadi leo. Anasema hajui mwanawe yuko wapi. Namwambia yuko Nyakasaluma. Ananiuliza, Nyakasaluma ndiyo wapi? Pana miti? Pana mawe? Jua linatokea upande gani? Mimi kwa maneno sijambo, Mwalimu, lakini hapo maneno yananiishia."

"Hamkuchukua udongo?" Generoza aliuliza kutoka jikoni, maana alikuwa akisikiliza. "Kwetu mtu akifia majini asipatikane, unachukuliwa udongo wa ufukweni, unazikwa nyumbani."

"Tulikwenda kuuomba, mama. Walitukatalia. Udongo wa rashi hautoki hivi hivi, kila mfuko una mwenyewe. Walidhani tunatafuta mali kwa kisingizio cha msiba."

"Na picha ya simu?" Mwalimu akauliza.

Evelina akatoa simu yake, akamwonyesha. Kulikuwa na kifusi chekundu, na anga, basi. Ingeweza kuwa popote.

"Mimi sichori watu," alisema Mwalimu, kwa mazoea.

"Sijaomba mtu. Mtu hayupo. Naomba mahali."

Mwalimu Telesphori alikubali. Generoza alidhani ni huruma, akamwekea mayai ya kuchemsha ya njiani kwa moyo mweupe. Huruma ilikuwepo, lakini haikuwa nyingi kiasi hicho. Kilichomvuta hasa ni ule wekundu alioona kwenye simu. Miaka yote ameuzunguka ukanda huo wa dhahabu, hajawahi kusimamisha stendi yake ya kuchorea kwenye machimbo, na alikuwa akijiuliza kwa nini.

Alisafiri na Abel, mdogo wa Donatus, mtu mzima mwenye pikipiki na maneno machache. Walipita Masumbwe, wakalala Ushirombo kwenye nyumba ya wageni yenye kelele za redio, asubuhi wakaiacha lami. Njia ilipita kwanza kwenye mihogo na miyombo, kisha miti ikapungua, kisha ikaisha. Ilikuwa imekwenda chini kuwa matimba.

Nyakasaluma ilikuwa mteremko mpana uliotobolewa kama chujio. Juu ya kila tobo pana kibanda cha turubai la buluu na winchi ya magogo. Karasha zilikuwa zikisaga mawe, na vumbi lake jeupe lilitua juu ya kila kitu, pamoja na masufuria ya akina mama waliokuwa wakipika wali. Abel alimpeleka hadi upande wa juu, penye utulivu kidogo. Pale palikuwa na kifusi kirefu chekundu kilichoanza kuota nyasi, kando yake mti wa mtundu uliobaki umesimama kwa sababu mizizi yake ilikuwa imeshika mwamba, na nyuma kilima cha mawe.

"Ni hapa," Abel alisema. Akavua kofia.

Mwalimu aliangalia jua lilipo, akachagua mahali pa kusimama, akafungua vitu vyake. Hakuwa amemaliza hata kuweka mstari wa upeo wa macho alipoona watu wanakuja. Mbele yao alitembea mwanamume mnene aliyevaa buti za mpira na saa kubwa.

"Mwangaluka, mzee," alisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Naitwa Mwigulu. Maduara ya upande huu ni yangu. Unapima nini hapa?"

"Sipimi. Nachora."

"Unachora ramani?"

"Picha."

Mwigulu akasogea, akatazama kitambaa cheupe chenye mstari mmoja. Kisha akamwona Abel, na uso wake ukabadilika kidogo.

"Wewe si ndugu yake Donatus? Tulishamalizana. Serikali ilikuja, ikaandika, ikaondoka."

"Hatudai kitu," Abel alisema. "Mama anataka kupaona."

Ulimi wa Mwigulu ulitembea ndani ya shavu. Alikuwa mtu aliyezoea kuombwa na kukataa, na ombi hili lilikuwa la aina asiyoijua. Mwishowe akamwambia mmoja wa vijana wake aketi pale pale, asimwondoe macho mzee. "Chora. Lakini hapa hakitoki kitu. Hata kokoto."

Basi Mwalimu akachora. Kilima hakikumsumbua, mtundu haukumsumbua. Kifusi ndicho kilichomkatalia. Alichanganya nyekundu na kahawia, ikatoka rangi ya tofali. Akaongeza njano, ikatoka rangi ya nyama. Alipangusa, akaanza upya, akapangusa tena, na jua likazidi kupanda. Ndipo akainama, akaokota udongo kidogo palipokuwa na miguu yake, akauponda kwa kisu kwenye kibao cha rangi, akauchanganya na gundi nyeupe ya mbao aliyokuwa nayo mkobani, akaupaka. Ulikaa. Akaokota mwingine. Yule kijana mlinzi alimtazama akifanya hivyo, akapiga miayo. Aliambiwa alinde udongo usiondoke, na huu haukuwa ukienda popote, ulikuwa unapakwa tu.

Mwalimu alifurahi, kama mtu anavyofurahi hesabu inapotoka sawa. Kwa muda mrefu alisahau kabisa ni kwa nini yuko pale. Alipaka kifusi tabaka juu ya tabaka, hadi kikaanza kuvimba kwenye kitambaa chenyewe.

Baadaye Abel alikuja kusimama nyuma yake.

"Mwalimu, huwezi kumwekea msalaba? Mdogo tu, pale pembeni."

"Upo?"

"Haupo. Hawakuturuhusu."

"Basi siwezi. Mama ameuliza pakoje."

Abel akarudi kwenye pikipiki yake. Mwalimu aliona kwamba amemuumiza, akafikiri kuhusu hilo kwa muda mfupi, kisha akarejea kwenye kivuli cha mtundu.

Jioni walipofungasha, wachimbaji walizunguka picha wakabishana. Huyu aliona turubai lake, yule akalalamika kwamba karasha yake imeachwa. Mwigulu mwenyewe alikuja kuwakagua. Alifungua mkoba wa Mwalimu, akanusa mikebe, akamwamuru Abel akung'ute viatu, akapapasa hadi pindo za suruali. Picha aliishika kwa ncha za vidole, kwa heshima, kwa sababu ilikuwa mbichi. Akaitazama kwa kitambo.

"Ndivyo palivyo," alisema, akaifunga mwenyewe kwa nailoni isipate vumbi.

Kahama, picha ilikaa sebuleni kwa Mwalimu ikikauka. Kila aliyeingia aliisogelea. Frank, mwenye hoteli pale Nyasubi, alikuja kwa shughuli nyingine kabisa akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Hii sasa ndiyo yenyewe, Mwalimu. Hizo nyingine zote ulikuwa unajifunza. Nipe hii niiweke mapokezi."

"Ina mwenyewe."

"Mwambie umchoree nyingine."

Mwalimu alitikisa kichwa, lakini alijua Frank hakosei. Hajapata kuchora kitu kama hicho, na hakuwa na hakika kama atapata tena. Usiku uliotangulia safari ya Ushetu aliigeuza ukutani ili asiitazame.

Generoza alisisitiza kwenda naye. "Huwezi kuingia kwenye msiba wa watu umebeba picha kama mchuuzi," alisema. Alichukua kilo za mchele na sukari, akavaa kanga zake mbili.

Nyumba ya Bibi Asteria ilikuwa na bati jipya mbele na nyasi nyuma, na lile bani la gogo lilionekana kutoka mlangoni. Walikuta ndugu, majirani na katekista wa kigango, maana Evelina alikuwa amewaarifu. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mwembamba, macho yamefunikwa na ukungu wa uzee. Evelina alimwekea picha mapajani, akaishikilia kwa juu isianguke.

Bibi aliinamisha uso mpaka ukakaribia kugusa.

"Huu ni mti gani?"

"Mtundu, mama," Mwalimu alijibu.

"Jua linatoka wapi?"

"Nyuma ya mti. Asubuhi kivuli chake kinalala juu ya kifusi, mchana kinaondoka."

"Kuna watu wanapita?"

"Mbali kidogo. Kelele zao zinasikika, lakini pale penyewe hawapiti sana."

Bibi aliguna. Kidole chake kikatembea kwenye kilima, kikashuka, kikafika kwenye kifusi, kikasimama. Akakwaruza kidogo kwa ukucha.

"Hapa mbona panakwaruza?"

"Ni udongo, mama. Rangi ilinikataa. Nikatumia udongo wa pale pale."

"Wa pale pale?"

"Miguuni pangu, kando ya kifusi."

Abel, aliyekuwa amekaa mlangoni, alinyanyua kichwa kana kwamba ameitwa. "Na Mwigulu alitupapasa hadi viatu," alisema taratibu. "Kisha akaifunga mwenyewe kwa nailoni." Kicheko kimoja kikamponyoka, kifupi, na kabla hakijakwisha kikageuka kuwa kitu kingine. Akafunika uso. Wanawake walianza kulia, Evelina wa kwanza wao, yeye ambaye uani Nyahanga hakutoa hata chozi.

Bibi Asteria hakulia. Alilaza kiganja chote juu ya ule wekundu.

"Kumbe mmemleta," alisema.

Watu walitoka nje wakanong'ona na katekista. Waliporudi, Bibi alimwita Mwalimu akae karibu naye.

"Mwalimu, kazi yako ni nzuri. Nataka kuizika."

Mwalimu alidhani hakusikia vizuri. "Hutaki tuitundike, mama? Uwe unaiona?"

"Nitundike kaburi ukutani?"

Mwalimu alimtazama Generoza, na Generoza akatazama mkeka. Alifikiri juu ya ukuta wa Frank. Alifikiri juu ya ule upande wa kushoto, ambapo udongo ulikuwa umekutana na kivuli na kutoa rangi asiyoijua jina. Kila mtu alikuwa akimngoja, kwa adabu, kama wanavyongoja watu ambao tayari wamekwisha kukubaliana.

"Ni yenu," alisema.

Abel akatoa simu. "Nipige picha kwanza?"

"Acha," alisema Mwalimu. Alikuwa ameona simu inavyopafanya mahali pale.

Kaburi lilichimbwa siku ile ile, fupi, kando ya baba yake Donatus nyuma ya bani. Picha ilifungwa kwa shuka jeupe, ikafungwa tena kwa mkeka, Abel akashuka nayo shimoni akailaza uso ukielekea juu. Katekista alisoma sala za wafu bila kuruka hata mstari mmoja, akataja jina la Donatus mahali panapostahili. Noela, binti wa marehemu, aliambiwa atupe udongo akatupa. Ilipofika zamu ya Mwalimu, naye alitupa. Aliona kwamba udongo wa Ushetu ni wa kichanga, wa kijivu, na kwamba unapoangukia mkeka unatoa sauti kama mvua nyepesi. Aliyaona hayo vizuri sana. Kulia hakulia.

Baada ya hapo walikula ugali na nyama. Evelina alivuliwa kitenge cheusi na mawifi zake, akavishwa cha rangi. Bibi Asteria alikula hadi akaomba mchuzi zaidi, na watu waliokaa naye muda wote huo walitazamana.

Garini, wakirudi Kahama, Generoza alimgusa mumewe goti.

"Umeumia?"

"Kidogo."

"Kwa marehemu, au kwa picha?"

Mwalimu alifikiri. Nje mashamba yaliyovunwa yalikuwa yakipita, mabua yamesimama.

"Kwa picha."

Generoza alivuta pumzi. "Bora umesema kweli," alisema, akageukia dirishani.

Wiki zilizofuata alijaribu kuichora tena kwa kumbukumbu. Ilitoka nzuri na imekufa. Aliipaka rangi nyeupe ya ukuta, na juu yake akachora majaruba, ambayo Frank aliyachukua bila furaha kubwa akayaweka kwenye korido. Mvua ziliponyesha zilikuja habari kwamba Nyakasaluma imepoa, watu wamehamia rashi nyingine upande wa Geita, na ule mteremko wa juu umepinduliwa wote kabla hawajaondoka. Mtundu haupo. Mwalimu alizipokea habari hizo akiwa anaosha brashi, akaendelea kuosha.

Evelina alipata meza ya mitumba sokoni Nyasubi. Wakikutana walisalimiana, wakaulizana habari za Noela na za Generoza, na mambo ya picha hakuna aliyeyagusa.

Mwaka uliofuata, mabani yalipoanza kufuka tena, Mwalimu alikwenda Ushetu kuchora moshi, akapita kumsalimia Bibi Asteria. Alimkuta ameketi nyuma ya bani, akimenya karanga kwenye ungo, makaburi yako hatua chache kutoka mkekani pake.

"Wewe si ulikuwa unafundisha mambo ya ardhi?" Bibi aliuliza baada ya salamu.

"Nilifundisha, mama."

"Kuna kitu kinanisumbua. Kule chini kabisa, wanakochimba. Kukoje? Kuna baridi?"

Mwalimu alikuwa amelieleza jambo hilo kwa vizazi vya wanafunzi, na mchoro ubaoni. Alieleza tena, polepole.

"Hapana, mama. Juu juu kuna ubaridi kidogo. Lakini kadiri unavyoshuka, ndivyo joto linavyoongezeka."

Mikono ya Bibi ilisimama juu ya ungo.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Afadhali," alisema Bibi Asteria. "Tangu utoto wake alikuwa hawezi kabisa baridi." Akachota karanga nyingine, akamwekea Mwalimu kiganjani.